Chanjo na Mizani ya Haki: Habari za Kitengela na Kajiado

Msomaji, ukishika barabara itokayo Nairobi kwenda Namanga, ukavuka Athi River penye viwanda vya saruji, mji mkubwa wa kwanza utakaokukaribisha katika Kajiado ni Kitengela. Zamani pale palikuwa malisho. Ng'ombe wa Wamasai walikula majani pamoja na nyumbu na punda milia waliokuwa wakitoka katika Mbuga ya Nairobi wakati wa mvua. Ardhi ilikuwa ya jumuiya mpaka ilipogawanywa mwaka 1988, kila mwenyeji akapata sehemu yake. Tangu hapo vipande vingi vimeuzwa, nyumba zimesimama mahali pa nyasi, na watu wa makabila mbalimbali wamekuja kukaa karibu na kazi za viwandani na za Nairobi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado nzima. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu 1,117,840, na katika hao zaidi ya 150,000 walikuwa wakazi wa mji wa Kitengela peke yake.

Lakini mtu asidhani kuwa Kajiado yote ni Kitengela. Kaunti hii ina ukubwa wa kilomita za mraba 21,900 hivi. Ukiendelea kusini kupita Isinya na Bissil, au ukiteremka magharibi kuelekea Magadi, maboma huwa mbalimbali, na safari ya zahanati hupimwa kwa saa za kutembea juani. Ukame ukizidi, wafugaji huhama kufuata maji na majani, na watoto huhama pamoja na mifugo. Mtoto aliyepata chanjo ya kwanza mahali hapa huenda akawa mahali pengine siku ya chanjo ya pili.

Basi, katika kaunti moja wako watoto wa namna mbili. Mmoja amezaliwa katika nyumba ya kupanga, jirani na kliniki. Mwingine amezaliwa katika boma ambalo gari hulifikia kwa shida. Tuseme chupa za chanjo ni chache, gari ni moja, na wauguzi ni wawili. Waende wapi kwanza? Je, ni haki kumfuata mtoto huyu mpaka mlangoni na kumwacha yule aje mwenyewe? Na je, ni haki kuipa wilaya moja chanjo ambayo wilaya ya jirani hainayo? Maswali haya si mageni. Wazee wetu na wazee wa mataifa mengine waliyajibu, mara kwa hekima na mara kwa makosa. Nakuomba unifuate katika habari zao, maana siku moja utakuwa mzazi, au muuguzi, au diwani, na mizani hii itawekwa mikononi mwako.

Tuanze na msiba. Wamasai wana neno Emutai, maana yake ni kumalizika kabisa, nalo ndilo jina la miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa katika nchi yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa umeingia Pembe ya Afrika miaka michache kabla, ulishuka kusini ukafagia mifugo. Mfugaji asiye na ng'ombe hana maziwa, hana mahari, hana heshima. Njaa ikafuata, na nyuma ya njaa ikaja ndui, ikaua watu waliokwisha kudhoofika. Yafaa ukumbuke jambo moja hapa. Chanjo ya ndui haikuwa siri wakati ule. Edward Jenner, tabibu wa Uingereza, alikuwa ameijaribu mwaka 1796, yaani karibu miaka 100 kabla ya Emutai. Kinga ilikuwako duniani, ila haikuwako kwao. Tangu mwanzo, msomaji, historia ya chanjo imekuwa pia historia ya nani anayefikiwa na nani anayesahauliwa.

Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilikaza nia ya kuiondoa ndui katika uso wa dunia. Njia iliyokuwa ikisifiwa ilikuwa kumchanja kila mtu, au karibu kila mtu, katika kila nchi. Njia hiyo ilionekana kuwa ya haki kuliko zote, kwa sababu haikumbagua yeyote. Lakini mwishoni mwa mwaka 1966, mashariki mwa Nigeria, tabibu wa Marekani aitwaye William Foege na wenzake walikutwa na mlipuko wa ndui hali chanjo waliyokuwa nayo haikutosha watu wote. Walitafuta kwanza mahali penye wagonjwa, wakawachanja waliowazunguka wagonjwa hao, kisha wakachanja katika vijiji na masoko ambako ugonjwa ungeweza kupita. Wengi katika jimbo hilo hawakuguswa na sindano, na hata hivyo ugonjwa ulikoma, kwa kuwa haukupata mtu wa kumrukia.

Uhaba ndio uliowafundisha, na somo lao lilienea. Kutafuta wagonjwa na kuwazungushia ukuta wa watu waliochanjwa kukawa silaha kubwa ya vita vile, mpaka vikafika ukingoni karibu na kwetu. Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, aliyeugua mwezi wa Oktoba 1977. Alipona. Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Oktoba 1979, ilitangazwa mjini Nairobi kuwa Pembe ya Afrika imetakasika, na mwaka 1980 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukaithibitishia dunia nzima.

Mfugaji wa Kajiado hahitaji kwenda Nigeria ili aelewe hekima hiyo, maana sotoka nayo iliondoka kwa njia inayofanana nayo. Katika maabara ya Muguga, kaskazini-magharibi ya Nairobi, tabibu wa wanyama Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo bora ya sotoka karibu na mwaka 1960. Kuanzia mwaka 1962 hadi 1976 mataifa ya Afrika yalichanja ng'ombe kwa mamilioni, na ugonjwa ukakaribia kwisha. Lakini ulibaki umejificha katika pembe chache zisizofikika, na katika miaka ya 1980 ulitoka huko ukarudi kwa kishindo. Baadaye kazi ikabadilishwa. Ilitengenezwa chanjo iwezayo kustahimili joto, wakafundishwa wafugaji wenyewe kuitumia, nao wakaifuata sotoka katika maficho yake, kama vile Karamoja na nchi ya Waafar. Mara ya mwisho ilionekana mwaka 2001 katika nyati wa Mbuga ya Meru, hapa Kenya, na mwaka 2011 ulimwengu ukatangaza kuwa haiko tena. Emutai ilichukua muda wa miaka 120 hivi kupata jibu lake.

Katika habari hizi mbili utaona kuwa kumpa kila mmoja sawasawa si lazima kuwe ndiyo haki. Ikiwa moto umeshika nyumba moja ya kijiji, mwenye ndoo moja ya maji haigawi kikombe kikombe kwa kila nyumba. Huimwaga penye moto, na kwa kufanya hivyo huzilinda nyumba zote.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1980 Kenya iliunda mpango wa taifa wa chanjo za watoto. Ulianza na magonjwa sita: kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda na surua. Chanjo nyingine ziliongezwa kadiri miaka ilivyokwenda. Mwaka 2001 ziliingia chanjo za homa ya ini ya aina ya B na za bakteria wa Hib, wanaoleta uti wa mgongo na nimonia kwa watoto wachanga. Mwaka 2011 ikaja ya nimokoki, na mwaka 2014 ya virusi vya rota viletavyo kuhara. Hizi ni za kila mtoto, awe wa Kitengela au wa Magadi, awe wa tajiri au wa maskini. Huu ndio msingi wa nyumba. Lakini juu ya msingi huo serikali imejenga pia vyumba ambavyo si vya wote, na hapo ndipo penye mabishano.

Chumba cha kwanza ni cha homa ya manjano. Mwaka 1992 na 1993 homa hiyo ilizuka katika Bonde la Kerio, ikaua watu. Baada ya hapo watoto wa Baringo na wa nchi ya Keiyo na Marakwet waliwekewa chanjo hiyo katika kliniki zao, ilhali watoto wa sehemu nyingine za Kenya hawakuwekewa. Hakuna aliyesema kuwa mtoto wa Kajiado hafai. Mbu, nyani na misitu ya huko ndivyo vilivyoamua. Lakini mwaka 2022 homa ya manjano ilitangazwa katika Isiolo, mahali ambapo hapakuwa katika orodha. Ramani iliyochorwa kwa msiba wa jana haikuuona msiba wa kesho. Ni sharti mwenye kuchora ramani awe tayari kuifuta na kuichora tena.

Chumba cha pili ni cha malaria. Mwezi wa Septemba 2019 chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo ilizinduliwa Homa Bay, ikapelekwa katika sehemu za kaunti nane za magharibi: Homa Bay, Kisumu, Siaya, Migori, Busia, Bungoma, Vihiga na Kakamega. Huko malaria ni kali kuliko sehemu nyingi za Kenya. Hata ndani ya kaunti hizo si wote waliopata mara moja. Sehemu nyingine zilipigiwa kura zipate, na nyingine zingoje ili ijulikane kwa hakika kama chanjo yasaidia. Zilizongoja zilifikiwa mwaka 2023. Jiulize, msomaji, kama kungoja huko kulikuwa haki. Wapo wasemao kuwa mtoto hapaswi kungoja kinga hata siku moja. Wapo wajibuo kuwa chanjo haikutosha wote tangu mwanzo, na kuwa kura, ambayo haimjui mkubwa wala mdogo, ni mgawaji mwaminifu kuliko mtu mwenye jamaa na marafiki. Mimi naona jibu la pili lina nguvu, maadamu wanaongoja waambiwe wazi kwa nini wanangoja, na ahadi yao itimizwe.

Kajiado haikuwamo katika kaunti hizo nane, na ni vigumu kulalamika, kwa kuwa mbu wa malaria hatawali nyanda hizi kavu kama anavyotawala kandokando ya Ziwa. Hata hivyo fikiri juu ya mtoto wa Kitengela ambaye nyanya yake yuko Siaya. Hupelekwa huko kila likizo ya Desemba, akalala katika nyumba ile ile alalamo binamu yake aliyechanjwa. Ramani inahesabu mahali mtoto akaapo, wala haihesabu mahali aendapo. Wazazi wa mtoto huyo wanapaswa kujua kuwa hatari ya Siaya humngoja Siaya, wamchukulie chandarua, na akishikwa na homa wampime damu upesi.

Chumba cha tatu ndicho kilichoigusa Kajiado yenyewe. Mwaka 2023 virusi vya polio vilionekana Garissa. Vilikuwa vya namna itokayo katika chanjo ya matone yenyewe. Virusi vya matone hayo vimedhoofishwa, lakini vikizunguka muda mrefu kati ya watoto wasiochanjwa huweza kurudiwa na nguvu. Mwezi wa Agosti mwaka huo watoa chanjo walipita nyumba kwa nyumba katika kaunti nne kwanza: Garissa, Nairobi, Kiambu na Kajiado. Mwaka 2024 Kajiado iliwekwa tena katika orodha ya kaunti za hatari. Mzazi wa Kitengela aliyekwisha kumaliza chanjo zote za mwanawe angeweza kuuliza, "Garissa iko mbali, kwa nini matone haya yanakuja mlangoni kwangu?" Jibu liko barabarani. Watu, malori na mabasi huingia Nairobi kutoka pande zote, na wengi wa wafanyao kazi Nairobi hulala Kitengela. Tena barabara ile ile huendelea mpaka Namanga na kuvuka mpaka wa Tanzania. Virusi havina miguu, husafiri kwa miguu yetu. Na tone la ziada halimdhuru mtoto aliyekwisha kupata.

Katika vyumba hivi vitatu watoto wa mahali fulani walipewa kitu ambacho wengine hawakupewa. Kisa cha kufanya hivyo kilikuwa ugonjwa na njia zake, wala si sura ya watu. Lakini mambo hayakuwa hivyo sikuzote duniani, na makosa ya wengine yana mafunzo mazuri. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Chanjo ya homa ya ini ya aina ya B ilipopata kibali nchini Marekani mwaka 1981, wakubwa wa afya waliagiza ipewe makundi yaliyohesabiwa kuwa katika hatari: watumishi wa hospitali, watumiao dawa za kulevya kwa sindano, na wengineo. Ilidhaniwa kuwa hiyo ndiyo hesabu ya busara. Miaka ikapita, na ugonjwa haukushuka kama ilivyotumainiwa. Wengi wa waliokuwa katika makundi yale hawakufikiwa, tena ni watu wangapi wapendao kusimama mbele ya daktari na kukiri kuwa wamo katika kundi lisilosifiwa? Na wagonjwa wengine hawakuwa katika kundi lolote lililotajwa. Mwaka 1991 Marekani iliachana na njia hiyo, ikaagiza kila mtoto mchanga apewe.

Uingereza nayo ilianza mwaka 1970 kuwachanja rubela wasichana wa shule peke yao. Hoja ilikuwa nyepesi: rubela si kali kwa mtoto, lakini ikimpata mama mjamzito huweza kumpofusha au kumtia uziwi mtoto aliye tumboni. Basi walindwe watakaokuwa mama. Lakini virusi vikaendelea kuzunguka kati ya wavulana na watoto wadogo, vikawafikia akina mama ambao chanjo haikuwapata. Mwaka 1988 nchi hiyo ilianza kuwachanja wavulana na wasichana pamoja.

Kwa nini ndui ilishindwa kwa kuchagua, na homa ya ini haikushindwa? Mgonjwa wa ndui hujulikana kwa macho: upele wake hauwezi kufichwa, na mlinzi aweza kumzungushia ukuta. Homa ya ini hukaa mwilini kwa miaka bila ya dalili. Adui aonekanaye hufuatwa alipo, lakini kwa adui asiyeonekana hapana budi kila mlango upate komeo. Watu wa Marekani walidhani wanaufuata ugonjwa, kumbe walikuwa wakifuata majina ya watu. Hilo ndilo neno ninalotaka ulishike kuliko mengine yote katika insha hii: kuchagua ni haki kunapoufuata ugonjwa, na huacha kuwa haki kunapofuata majina.

Kuna hatari nyingine ya kuchagua, nayo ni shaka. Mwaka 2014 Kenya iliendesha kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa umri wa kuzaa, katika wilaya zilizohesabiwa kuwa za hatari. Maaskofu Wakatoliki waliuliza kwa nini wanawake tu, kwa nini umri ule tu, na kwa nini wilaya zile tu. Wakatia shaka kuwa chanjo ilikusudiwa kuzuia uzazi. Serikali, Shirika la Afya Duniani na shirika la UNICEF walikana jambo hilo. Sababu ya kuchagua ilikuwako: pepopunda humwingia mtoto mchanga kwa kitovu kilichokatwa kwa chombo kichafu, na mama aliyechanjwa humpa mwanawe kinga kabla hajazaliwa. Kwa hiyo huchaguliwa akina mama, na hasa wale wa mahali ambapo wengi huzaa nyumbani. Lakini sababu njema isiyoelezwa mapema hufanana na siri, na siri huzaa uvumi. Mtu akichaguliwa, hata kwa wema, ana haki ya kuambiwa kwa nini ni yeye.

Turudi sasa kwenye gari letu moja na wauguzi wetu wawili. Chukua kalamu ufanye hesabu hii pamoja nami. Ni mfano tu, wala si takwimu za mahali popote. Tuseme wako watoto 1,000. Kati yao 900 wako mjini, na 810 kati ya hao wamechanjwa surua. Mia moja waliobaki wako katika maboma ya mbali, na waliochanjwa ni 40. Jumlisha: waliochanjwa ni 850, yaani 85 katika kila 100. Afisa asomaye hesabu hiyo juu juu atatabasamu. Lakini wastani ni kama blanketi fupi, humfunika mmoja na kumwacha mwingine wazi. Mjini wamekosa 10 katika kila 100. Katika maboma wamekosa 60 katika kila 100.

Sasa angalia upande wa pili, kwa sababu mizani ina vitanga viwili. Waliokosa mjini ni watoto 90. Waliokosa katika maboma ni 60. Anayesema, "Gari liende kwa wengi," ana hoja. Mjini muuguzi atawapata watoto kumi kwa muda mfupi, na kwenye maboma huenda siku nzima ikaisha kwa watoto kumi. Tena mji una msongamano, na surua hupenda msongamano. Anayesema, "Gari liende kwenye hatari kubwa," naye ana hoja. Ili surua izuiwe isienee, yapasa watoto kama 95 katika kila 100 wawe wamekingwa. Pale ambapo ni 40 tu, cheche moja huwasha boma zima, na hospitali iko mbali, na mtoto aliyedhoofishwa na ukame hufa upesi.

Mimi nisingekata shauri kwa idadi peke yake, wala kwa hatari peke yake. Ningeuliza swali la tatu: nani hana njia nyingine? Mama wa mjini ambaye kliniki iko mtaani mwake aweza kufika kesho, hata kama gari halikuja leo. Mama wa bomani, gari lisipokuja, hana kesho. Kwa hiyo gari na liende bomani. Lakini tusifanye haraka kufunga kitabu. Katika mji ule ule yuko mama afanyaye kazi kiwandani tangu alfajiri mpaka jioni, na kliniki hufunguliwa akiwa kazini na kufungwa kabla hajatoka. Kwake yeye kliniki iliyo hatua 200 kutoka mlangoni iko mbali kama Magadi. Huyu hahitaji gari. Anahitaji kliniki ifunguliwe Jumamosi, au mhudumu wa afya wa jamii amgongee jioni. Ukisema "watu wa mjini wana nafuu, watu wa malishoni wana shida," umekwisha kuanza kufuata majina. Uliza habari za kila mlango.

Mtu aweza kupinga akisema, "Sheria ya taifa yasema watoto wote ni sawa, basi wapewe sawa." Naam, watoto wote ni sawa. Lakini usawa unaotafutwa ni wa kinga, si wa gharama wala wa petroli. Ikiwa kumkinga mtoto mmoja kwahitaji shilingi kumi na kumkinga mwingine kwahitaji mia, basi kumpa kila mmoja shilingi kumi kutamwacha wa pili mikono mitupu, na hapo tutakuwa tumeusifu usawa kwa mdomo na kuukana kwa matendo. Wala asiseme mwingine kuwa yote yapelekwe kwa walio hatarini na wengine waachwe. Siku kliniki ya Kitengela itakapokosa chanjo za kawaida kwa sababu zote zimepelekwa kwingine, wale 810 waliokingwa watapungua mwaka hata mwaka, na mji wenyewe utageuka kuwa mahali pa hatari. Cha ziada hujengwa juu ya msingi. Msingi haubomolewi ili cha ziada kijengwe.

Basi, msomaji, ukipewa mizani hii siku moja, ipime kwa maswali manne. Je, chanjo za msingi zimemfikia kila mtoto, au zapunguzwa ili wachache wapate cha ziada? Je, kundi limechaguliwa kwa kuufuata ugonjwa, au kwa kufuata jina la kabila, la jinsia au la mtaa? Je, waliochaguliwa na walioachwa wameambiwa sababu kwa lugha waifahamuo? Na je, ramani inaangaliwa upya kila mwaka, au bado yasomwa ya zamani? Yakijibiwa vyema maswali hayo, kuchagua si ubaguzi. Likishindwa moja tu, mwenye kulalamika asikilizwe.

Sikia mwisho habari za yule mpishi wa Merca. Ali Maow Maalin alikuwa mtumishi wa hospitali, jirani na chanjo kuliko watu wengi wa Somalia, na hata hivyo ndui ilimkuta hana kinga. Hakuna mwenye ramani ambaye angemweka katika orodha ya wasiofikiwa. Baadaye maishani alijitolea kuwaendea wazazi wa nchi yake na kuwasihi wawape watoto wao matone ya polio. Mwaka 2013 polio iliporudi Somalia alikuwa tena katika kazi hiyo, akashikwa na malaria, akafa. Wakati huo chanjo ya malaria ilikuwa bado katika majaribio, na watoto wa Kilifi na Siaya walikuwa miongoni mwa waliojaribiwa. Leo watoto wengi wa magharibi mwa Kenya wanayo. Walio nje ya orodha ni wengi vilevile, na kati yao wamo wa Kajiado ambao majina yao hayamo katika daftari la kliniki yoyote, kwa kuwa hakuna aliyefika kuwaandika. Kabla ya kuuliza nani apewe kwanza, yafaa aulizwe kwanza nani hajahesabiwa.